Mguu wa Nyuma Ndio Ulioniponza

Mlango wa nyumba ya shangazi yangu kule Mji wa Kale, Mombasa, naupita tangu sijaota meno. Kizingiti chake cha mbao hakifiki shubiri, na katikati kimelika kwa nyayo za watu. Mwaka jana, nikiwa na miaka 48, kilinipiga mwereka. Kapu la Marikiti mkononi, simu sikioni. Mguu wa kulia ukavuka salama, wa kushoto ukabaki. Ndimu zikabingirika hadi njiani. Shangazi, aliyekwisha kupita 70, akanitazama kutoka barazani: "Mwanangu, ushazeeka kabla yangu?"

Dole gumba lilivimba wiki nzima. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Nadhani aliyesema hivyo alikuwa kijana.

Mtaalamu wa viungo niliyemwendea aliweka kiboksi sakafuni akaniambia nikivuke, nikivuke tena. Kumbe nikikikaribia napunguza mwendo na kufupisha hatua. Mwili unajihadhari wenyewe, jambo linalokuja polepole kadiri umri unavyosonga na misuli inavyopungua. Lakini ukifupisha hatua, kisigino kinatua karibu mno na kile unachokivuka. Na mguu wa nyuma je? Huo huuoni kabisa. Macho yamekwisha kutangulia hatua mbili mbele, kwa hiyo unauvusha kwa kumbukumbu tu, na kumbukumbu yangu siku ile ilikuwa kwenye simu.

Hata penye sakafu sawa, ncha ya kiatu hupita juu ya ardhi kwa sentimita 1 au 2 hivi. Ukingo wa mkeka uliokunjika unatosha kukuangusha.

Miwani nayo ilichangia. Yangu ni ya sehemu mbili, chini ya kusomea, kwa hiyo nikitazama miguu kizingiti kinakuwa ukungu. Siku hizi nikitoka navaa ya kuonea mbali tupu.

Nyumbani nakunja mkeka uwe kama kizingiti, nashika ukuta, nauvuka polepole, leo nikianza na kulia, kesho kushoto, mawazo yote kwenye mguu unaofuata: goti juu, vidole juu. Nikipiga mswaki nasimama kwa mguu mmoja, mkono karibu na sinki. Ndara nimeziachia bafuni. Buibui nalishika kabla ya kufika kizingitini, si nikiwa juu yake. Feri ya Likoni ndiyo bado inanitisha, maana umati ukisukumana pale pa kupandia huoni unapokanyaga. Huwa nawaacha wenye haraka watangulie. Lakini ukijikwaa kila mara, au miguu ina ganzi, hasa kama una sukari, usihangaike na mikeka. Nenda kwa daktari kwanza.

Jumamosi nilirudi kwa shangazi. Nikasimama, nikavusha wa kulia, wa kushoto nikauinua kama kuku mwenye kamba mguuni. Shangazi hata hakugeuka.

"Ndimu umeleta?"