Plastiki za nje zilizopauka: anza na kuosha

Kaka, hizo bampa nyeusi za RAV4 yako zilizogeuka kijivu usikimbilie kuzipaka rangi. Jua ndilo linalokula uso wa plastiki, na hapa Tanga gari likishinda nje Raskazone, vumbi na chumvi ya bahari huganda juu yake pia. Mafuta ya kupikia na dawa ya kung'arisha matairi zinapendeza siku mbili tatu tu, kisha zinavuta vumbi na mvua inaondoka nazo.

Osha kwa maji ya sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani, usugue hadi ndani ya vile vinyweleo vya plastiki. Ukiona povu linatoka la kijivu, endelea mpaka litoke jeupe. Hapa ndipo wengi wanapokosea, wanapaka dawa juu ya uchafu. Suuza, acha ikauke kabisa, halafu futa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo. Bandika tepu ya karatasi kwenye rangi ya gari, kisha paka dawa maalumu ya kurudisha weusi wa plastiki, kidogo kidogo, kivulini, asubuhi kabla bodi haijapata moto.

Ukiona madoa meupe hayatoki, mara nyingi ni waksi iliyokauka, nayo isugue kwa mswaki wenye spiriti kidogo. Moto wa kuchoma plastiki mimi siushauri kabisa: unarudisha weusi kwa muda, lakini ukizubaa kidogo bampa imepinda.