Pikapu iliyotoka kwenye theluji na masika ya Dodoma

Mkuu, nimekusoma. Umehamishiwa Dodoma kikazi, Hilux yako imeshuka bandarini mwezi uliopita kutoka Japani, tairi zote nne zimeandikwa STUDLESS, na jamaa aliyekufanyia mpango kakwambia hizo ndizo tairi za matope kwa sababu kwao zinakanyaga theluji. Sasa unauliza uongeze nini kabla mvua hazijaanza. Mimi naingia mwaka wa tisa nazungusha dawa za mifugo kwenye minada, Msalato, Chemba, Kwa Mtoro mpaka Mpwapwa, na pikapu ya dizeli ya kabini moja. Nitakujibu kwa yaliyonikuta.

Kwanza hizo tairi. Zitoe. Tairi ya theluji ni mpira laini, umepikwa ili usikakamae baridi ikishuka chini ya nyuzi 7. Dodoma hata usiku wa Julai, ule upepo wetu wa kukuvalisha koti, ni nyuzi 13 hivi. Sasa pata picha lami ya Novemba saa nane mchana. Mpira ule unakuwa kama bazoka. Ukikata kona gari linayumba, ukikanyaga breki linachelewa kusimama, na kashata, vile vinundu vya tairi vinavyokanyaga barabara, zinakwisha ukiwa unatazama. Halafu ziangalie hizo kashata kwa karibu: zimechanjwa vijimistari vyembamba kama vya wembe. Vile ni vya kung'ata barafu. Udongo wetu wa mbuga unavijaza kabla hujamaliza mita ishirini, na kuanzia hapo unaendesha maandazi manne.

Pia soma ubavuni, tarakimu nne za mwisho za ule mstari wa DOT. Ukikuta 2318, ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi inaweza kuwa na kashata nzuri kabisa na mpira umeshachoka.

Hapo hapo ingia uvunguni. Japani ya kaskazini wanamwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, na chumvi haina rafiki kwenye chuma. Chukua nyundo ndogo gonga fremu taratibu kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kama ubao. Usisahau mabomba ya breki yanayopita juu ya ekseli ya nyuma. Pikapu ya kaka yangu ilitoka Uingereza, nako wanamwaga chumvi vilevile, na bomba hilo lilipasuka tukiwa na mbuzi tisa kwenye bodi. Bahati ilikuwa njia tambarare. Mafuta ya breki yenyewe badilisha tu, yananyonya unyevu na hujui yamekaa mle miaka mingapi.

Lakini gari la nchi ya baridi lina mema yake. Nyingi zinakuja na betri kubwa, na rejeta ina kulanti ya kweli. Hapa mafundi wengine watakushauri uimwage uweke maji, eti kulanti ni ya kuzuia barafu na huku barafu haipo. Kataa. Kulanti inachelewesha pia maji kuchemka na inazuia kutu, na maji yetu ya visima unayajua, tazama birika lako lilivyoota ukoko mweupe ndani.

Ununue tairi gani? Mimi nashauri za njia zote, zile za AT, wala si za matope matupu. Safari zako nyingi zitakuwa kwenye lami: kwenda Babati ni kilomita 251 za lami, Morogoro lami, Iringa kupitia Mtera lami. Tairi ya matope kwenye lami yenye maji inateleza na inapiga kelele za kukutia wazimu. Shida yetu inaanza pale unapoiacha lami na kuingia ule udongo mweusi. Ukiwa mkavu unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Ukilowa unavimba, unanata, unajaza tairi hadi kwenye madigadi. Hapo kinachokuokoa ni upepo. Ninaposhuka lami natoa upepo mpaka psi 20 au 22, tairi inatanuka na kukanyaga eneo kubwa, na siendi zaidi ya kilomita 40 kwa saa. Nikirudi kwenye lami najaza tena mpaka kiwango kilichoandikwa kwenye nguzo ya mlango. Kwa hiyo pampu ndogo ya kuchomeka kwenye umeme wa gari, pamoja na kipimo cha upepo, vinunue kabla ya urembo wowote.

Pikapu tupu nayo ni mnyama mwingine. Injini yote iko mbele, nyuma ni bati na hewa, mkia unatangatanga. Weka viroba viwili vitatu vya mchanga juu ya ekseli ya nyuma, uvifunge kamba visitembee. Nasikia hata huko kwenye theluji wanafanya hivyo. Ukinasa, unapasua kiroba kimoja na kumwaga mchanga chini ya tairi. Beleshi, vipande viwili vya mbao na kamba nene ya kuvutia vikae humo humo. Kuhusu mbao, za kuweka chini ya jeki, utamkumbuka aliyekwambia siku jeki itakapozama kwenye tope badala ya kuinua gari.

Fowili, ile ya kufanya tairi zote nne zivute, ijaribu sasa, kwenye vumbi. Miezi saba bila kuiweka, wakati mwingine inagoma kuingia, na hutaki kuligundua hilo ukiwa katikati ya mbuga. Iingize kabla ya tope, na usiendeshe nayo kwenye lami kavu.

Sasa korongo, na hapa nisikilize sana maana ndipo watu wa Dar wanapotudharau. Mvua yetu ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi, na inakuja kwa hasira. Korongo ulilopita asubuhi likiwa mchanga mtupu, watoto wanacheza mpira, jioni linaunguruma, na pale uliposimama halijadondoka hata tone. Imenyesha huko juu.

Januari moja nilikuwa natoka Kwa Mtoro, saa kumi jioni, nikakuta maji ya rangi ya chai ya rangi yamebeba matawi na povu. Nyuma yangu ikaja dabo kabini mpya, ina snoko, lile bomba la kuvutia hewa ya injini kutoka juu, na kila kitu. Kijana akanitazama, akatazama gari langu, akaingia. Alifika katikati. Sikuona gari likizama, niliona mkia ukinyanyuka polepole kisha gari zima likaanza kwenda ubavu, kama mtu kalisukuma kwa kidole. Maji yanayokimbia yakifika sentimita 60 yanabeba pikapu, na snoko haisaidii kitu gari likishaacha kukanyaga chini. Waliokuwemo walitokea madirishani, wakashika mizizi ya mkwaju. Gari lilikutwa asubuhi limelala ubavu, mchanga umejaa mpaka kwenye usukani.

Palikuwa na mzee mmoja wa Kigogo na ng'ombe wake. Alichomeka fimbo pale maji yalipoishia, akakaa chini. Nikamwamkia, nikamuuliza, "Babu, tutavuka leo?" Akasema, "Uliza fimbo, mjukuu wangu." Baada ya nusu saa maji yalikuwa yameiacha kwa upana wa kiganja. Tulikaa mpaka saa moja na nusu usiku. Kisha nilivua viatu nikapita kwa miguu, nikiikanyaga njia yangu yote, maana mchanga unahama na shimo la leo halikuwepo jana. Maji yakipita goti mimi sivuki. Nikavuka kwa gia ndogo, mwendo ule ule, bila kubadilisha gia.

Ukishavuka, kanyaga breki kidogo kidogo ukiwa unatembea ili zikauke. Kesho yake mwambie fundi afungue nati ya difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli: oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Difu ikiwa ya moto na ukaitumbukiza kwenye maji baridi inavuta pumzi, na kile kipumulio chake kikiwa kimezibwa na vumbi la kiangazi, inayavuta maji kupitia kwenye sili.

Waipa badilisha hata kama zinaonekana mpya, jua la hapa linakausha mpira zikiwa zimelala. AC ijaze gesi, si kwa joto, ni kwa ajili ya kioo kisijae mvuke. Na beba maji ya kunywa, mkate, tochi na blanketi hata ukienda kwa lami. Machi 2020 barabara kuu ya Morogoro ilikatika pale Kiyegeya, Gairo, na watu walilala njiani.

Ukizitoa hizo STUDLESS usizitupe. Ulizia wenye mikokoteni ya punda, watazichukua zote nne. Punda hafikishi mwendo wa kupasha mpira moto.