Usizikate Stempu za Bahasha za Babu

SWALI: Kwako Mhariri, marehemu babu yangu alikuwa karani wa reli hapa Nairobi. Mwezi uliopita, tulipokuwa tukisafisha nyumba yake ya Pangani, tulikuta mkebe wa biskuti uliojaa bahasha za zamani. Nyingi zina stempu za mfalme na mihuri ya Fort Hall, Thomson's Falls na Kisumu. Moja ya mwaka 1944, iliyotoka kwa nduguye aliyekuwa askari, haina jina la mji kwenye muhuri, ila herufi A.P.O. na namba. Muuzaji mmoja wa vitu vya kale ameniambia nizikate stempu na kuziloweka majini zibanduke, kisha atazinunua. Je, nimsikilize? Na historia ya bahasha hizi nitaijuaje? – Msomaji, Pangani.

JIBU: Msomaji wetu, tunakusihi usikate hata stempu moja. Stempu iliyobanduliwa haikuambii mengi zaidi ya bei yake na sura ya mtawala wa wakati huo, ilhali bahasha nzima inakueleza barua ilitoka wapi, siku gani, ikimwendea nani, na mara nyingine ilipitia njia ipi. Aghalabu muhuri wa posta huangukia nusu juu ya stempu na nusu juu ya karatasi, hivyo makasi yakipita hapo jina la mji au tarehe hukatika, na ushahidi uliopotea namna hiyo haurudi.

Anza na stempu. Zile zilizoandikwa Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja zilianza kutolewa mwaka 1935. Stempu za kawaida zenye sura ya Mfalme George wa Sita zilitoka kuanzia mwaka 1938, na za Malkia Elizabeth zikafuata mwaka 1954. Kwa hiyo hata wino wa muhuri ukiwa umefifia, unajua bahasha haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka fulani. Majina ya miji nayo yasikuchanganye: Fort Hall ndiyo Murang'a ya leo, na Thomson's Falls ni Nyahururu. Kisha geuza bahasha, kwa maana ikiwa posta iliyoipokea iligonga muhuri wake nyuma, tofauti ya tarehe mbili hizo itakuonyesha barua ilichukua siku ngapi njiani.

Bahasha ya askari ndiyo iliyotugusa zaidi. Herufi A.P.O. zinamaanisha posta ya jeshi, na namba iliwekwa badala ya jina la mahali ili adui akiikamata barua asijue kikosi kiko wapi. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na askari wengi wa King's African Rifles, ilipelekwa kupigana Burma. Hatuwezi kusema kwamba ndugu wa babu yako alikuwa miongoni mwao kwa kuangalia mwaka peke yake. Wakusanyaji wa mihuri ya kijeshi wameandaa orodha zinazoonyesha namba fulani ilitumika wapi na lini, na ukiilinganisha namba yako na tarehe iliyo kando yake, huenda ukapata mahali alipokuwa alipoiandika barua hiyo. Tazama pia kama kuna muhuri wa mkaguzi, kwani barua za askari zilisomwa kabla ya kusafirishwa.

Usiipuuze anwani. Kwa kuwa barua za Kenya huchukuliwa kwenye masanduku ya posta, namba ya sanduku huenda ikawa ya shule, kanisa au mwajiri, nayo ikakufunulia mtu aliishi chini ya mwavuli wa nani. Kutoka hapo nenda kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, uombe Gazeti Rasmi la Serikali la miaka husika, ambamo matangazo ya uteuzi na ya mirathi yanataja watu kwa majina. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931 katikati ya jiji, nayo ina magazeti ya kale.

Kuhusu utunzaji, epuka selotepu na gundi, usiandike kitu juu ya bahasha, na uziweke mahali pakavu pasipo na jua, mbali na jikoni. Piga picha pande zote mbili. Ukiamua kuuza siku moja, uza bahasha ikiwa nzima, kwa kuwa mkusanyaji makini hununua muhuri na anwani pamoja na stempu.

Barua ikiwa bado imo ndani, iache na bahasha yake, na kabla ya kumwonyesha mtu wa nje, wasomee kwanza wazee wa familia. Huenda yupo shangazi au bibi anayelifahamu jina lililoandikwa pale, na yeye ndiye wa kuulizwa mapema kuliko maktaba yoyote.