Postgres: "Same" haionekani kwenye utafutaji hata baada ya REINDEX

Mkuu, nimesoma maelezo yako yote. Una jedwali la matangazo ya mifugo na mashamba kwenye databesi ya Postgres, safu ya tsvector (maneno yaliyoandaliwa kwa utafutaji) inajazwa na triga (amri inayojiendesha tangazo likihifadhiwa), indeksi ni ya GIN, aina ya kutafutia maneno. Kwenye kompyuta yako, uliyoiweka kwa Kiswahili, mtu akiandika "Same" anapata matangazo ya wilaya ya Same. Kwenye seva uliyokodi anapata ukurasa mtupu. Umerudia REINDEX na bado ni vilevile, na sasa unafikiria kufuta databesi na kuanza upya. Usifute kitu. Nasimamia mfumo unaofanana na wako, matangazo mengi yanatoka Kilimanjaro na Manyara, na tatizo hili nimelitatua mwenyewe.

Indeksi yako ni nzima. REINDEX hujenga upya indeksi kutokana na kilichomo kwenye safu, kwa hiyo neno ambalo halikuingia kwenye safu halitaingia kwenye indeksi hata uijenge kutwa nzima. Kabla ya kugusa indeksi, angalia maneno gani yameingia. Endesha hii kwenye seva:

SELECT to_tsvector('english', 'Ng''ombe wanauzwa Same, bei nafuu');

Utapata hivi:

'bei':5 'nafuu':6 'ng':1 'omb':2 'wanauzwa':3

Tazama namba, maana ndizo nafasi za maneno kwenye sentensi. Kuna 1, 2, 3, kisha 5 na 6. Nafasi ya 4 haina mwenyewe. Hapo ndipo "Same" ilipokuwa, imetupwa kabla haijafika popote. Sababu ni kwamba usanidi wa english (kanuni za kuchakata maandishi ya Kiingereza) unakuja na orodha ya maneno ya kupuuzwa, na "same" la Kiingereza limo. Postgres haijui kwamba kwetu hilo ni jina la wilaya, na herufi kubwa haisaidii kwa kuwa kila kitu hushushwa kuwa herufi ndogo kwanza. Ukitaka kuthibitisha, andika SELECT * FROM ts_debug('english', 'Same'); halafu tazama safu ya mwisho, lexemes. Utaona mabano matupu {}. Maana yake neno limetambuliwa na likapuuzwa. Swali lako nalo hupitia njia hiyohiyo: to_tsquery('english', 'Same') hubaki swali tupu, na swali tupu halilingani na mstari wowote. Postgres hata hutoa taarifa kwamba swali lina maneno ya kupuuzwa tu, ila programu nyingi haziionyeshi taarifa hiyo.

Kwa nini kompyuta yako inapata? Endesha SHOW default_text_search_config. Pande zote mbili. Databesi inapoanzishwa mara ya kwanza, initdb (programu inayoiandaa) huchagua usanidi wa utafutaji kwa kuangalia lugha ya mashine. Seva nyingi za kukodi huwa en_US, hivyo hupewa english. Mashine ya sw_TZ au sw_KE hukosa usanidi wa kufanana nayo, kwa sababu Postgres haiji na kamusi ya Kiswahili, na hapo huwekewa simple. Simple hushusha herufi tu, haikati wala haitupi neno. Nina hakika karibu kabisa kwamba msimbo wako unaita to_tsvector(maandishi) bila kutaja usanidi, ndiyo maana tabia inabadilika ukihama mashine. Taja usanidi kila mahali, kwenye kuhifadhi na kwenye kuuliza, na ziwe sawa.

Sasa rudi kwenye matokeo yale uangalie "Ng'ombe". Imekatwa vipande viwili pale kwenye kiapostrofi, "ng" na "ombe", kisha kamusi ya Kiingereza ikang'oa e ya mwisho ikabaki "omb". Ukihamia simple, "ombe" itarudi nzima lakini mkato utabaki, kwa sababu anayekata ni kichanganuzi (sehemu inayogawa maandishi kuwa maneno), kamusi hufuata baadaye. Wateja wetu wengi huandika "ngombe" bila alama, wanaandika kwa simu na hawana muda wa kuitafuta. "ngombe" haitakutana kamwe na "ng" pamoja na "ombe". Kwa mfumo wa mifugo hili linauma kuliko hata la Same, kwani ng'ombe ndiyo bidhaa yenyewe! Mkwaju (/) nao una kesi yake: muuzaji akiandika "mbuzi/kondoo" bila nafasi, kichanganuzi hudhani ni njia ya faili na kuhifadhi kipande kimoja, "mbuzi/kondoo". Anayetafuta kondoo hakioni.

Kwa hiyo safisha maandishi kabla hayajaingia. Mimi nimeachana na triga, natumia safu inayojikokotoa yenyewe, ambayo ipo tangu toleo la 12:

ALTER TABLE matangazo ADD COLUMN utafutaji tsvector
GENERATED ALWAYS AS (to_tsvector('simple',
translate(coalesce(kichwa,'') || ' ' || coalesce(maelezo,''), '/''’', ' '))) STORED;

CREATE INDEX CONCURRENTLY matangazo_utafutaji ON matangazo USING gin (utafutaji);

Hiyo translate hugeuza mkwaju kuwa nafasi, na huondoa viapostrofi vyote viwili, cha kawaida na kile kilichopinda ambacho simu hukiweka zenyewe. Usiondoe coalesce hata kidogo, ndiyo inayoweka maandishi matupu badala ya NULL (thamani isiyokuwepo). Kwenye SQL, maandishi yakiunganishwa na NULL hugeuka NULL yote, kwa hiyo tangazo lisilo na maelezo hutoweka kwenye utafutaji pamoja na kichwa chake. Kama triga yako haina coalesce, una matangazo yaliyopotea namna hiyo sasa hivi. Yahesabu kwa SELECT count(*) FROM matangazo WHERE safu_yako IS NULL. Hesabu hiyo itaonyesha pia mistari iliyokuwepo kabla hujaweka triga, kwa sababu triga hairudi nyuma. Fanya ALTER hiyo usiku, kwani huandika upya jedwali zima na kulifunga mpaka imalize.

Swali nalo lisafishwe vilevile:

WHERE utafutaji @@ websearch_to_tsquery('simple', translate($1, '/''’', ' '))

Napenda websearch_to_tsquery kwa sababu haitoi kosa la sintaksia hata mtu aandike alama gani. to_tsquery hukasirikia hata maneno mawili yasiyo na kiunganishi.

Utajiuliza kuhusu "na", "ya", "wa", kwamba zitajaza indeksi. Kwa matangazo mafupi mimi nimeziacha, na sijaona shida. Ukitaka kuzitoa, unaweka faili swahili.stop kwenye tsearch_data na kutengeneza kamusi yenye TEMPLATE = simple, STOPWORDS = swahili, kisha usanidi unaoitumia. Seva inayosimamiwa na mtoa huduma kwa kawaida haikuruhusu kuweka faili hapo. Na ukiipata nafasi, pitia orodha yako neno kwa neno. Orodha za Kiswahili zinazosambaa hupenda kuweka "mara", na hapo utakuwa umeufuta mkoa wa Mara kama ulivyofutiwa Same. "Hai" nayo ni wilaya, iko jirani tu na Moshi.

Umoja na wingi ndipo penye kazi kweli. Kamusi zinazokuja na Postgres hukata miisho, na Kiswahili hubadilika mwanzoni: shamba na mashamba, kiwanja na viwanja. Hata "shamba:*" haikusaidii, kwani hutafuta kwa mwanzo wa neno. Nimetumia njia mbili pamoja. Kwa majina yanayotafutwa sana nina jedwali dogo la umoja na wingi, programu inapanua swali kuwa "kiwanja or viwanja" kabla ya kulituma, na websearch_to_tsquery inaielewa hiyo or. Kwa yaliyobaki natumia pg_trgm, kiendelezi kinachotafuta kwa vipande vya herufi tatu, kwenye kichwa cha tangazo, indeksi ya GIN yenye gin_trgm_ops, na ILIKE '%shamba%' huyakuta yote mawili. Neno liwe na herufi tatu au zaidi, vinginevyo indeksi hiyo haina cha kushika.

Ulitaja pia kwamba utafutaji ni mzito baada ya kupakia matangazo mengi kwa mpigo. Hilo ni jambo jingine. GIN huweka maingizo mapya kwenye foleni ya pembeni kwanza, na kila swali hulazimika kuisoma foleni yote mpaka imwagwe, kwa mfano VACUUM (usafishaji wa jedwali) ikipita au foleni ikijaa. Matokeo huwa sahihi, ila polepole. Endesha VACUUM matangazo. Baada ya kupakia. Ukiona Seq Scan (kusoma jedwali zima) kwenye EXPLAIN, amri inayoonyesha mpango wa swali, na jedwali bado ni dogo, iache, mpangaji anajua anachofanya.

Wanaosoma uzi huu wakiwa na MySQL, databesi nyingine: jedwali la aina ya MyISAM lina orodha ndefu ya Kiingereza yenye "same" ndani yake, na huacha maneno yenye herufi chini ya nne, kwa hiyo Hai haipo. Jedwali la aina ya InnoDB hupokea herufi tatu, na orodha yake ni fupi. Huko, ukibadilisha mipangilio hiyo, lazima ujenge indeksi upya.

Mkuu, anza na SHOW pande zote mbili na ile hesabu ya NULL, uweke majibu hapa. Kama seva ikijibu simple na Same bado haionekani, bandika triga yako nzima tuisome.