Maswali na majibu: Mwenye tansio aandikiwe mazoezi au asamehewe?

Swali: Mimi ni mjumbe wa kamati ya wanafunzi hapa Lubumbashi. Tunataka zahanati ya chuo iwe ikituma wanafunzi kwenye mazoezi, lakini hatuna mashine, na wenye tansio (shinikizo la juu la damu) au pumu huleta karatasi za daktari za kuwasamehe. Tuanzie wapi?

Jibu: Ndugu mjumbe, mashine zisikusumbue: barabara ya Kassapa, kabla jua halijawa kali, inatosha kwa kutembea kwa kasi, na ngazi za jengo lolote huimarisha mapaja. Kinachonichosha ni hizo karatasi, ambazo naziona kila mara. Dhana kwamba ugonjwa humwondolea mtu mazoezi imewakalisha chini vijana wale wale wanaoyahitaji zaidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unawataja waziwazi wenye shinikizo la damu, kisukari cha aina ya 2 na VVU, na kuwapendekezea dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, sawa na watu wazima wengine. Wa kusubiri ni yule ambaye tansio yake imefika 180/110, au anayeumwa kifua anapojitahidi. Huyo atibiwe kwanza. Mwenye pumu apashe mwili moto taratibu kwa dakika 10 hadi 15, dawa yake ya kuvuta ikiwa mfukoni, na asubuhi za Juni na Julai, baridi na vumbi vinapokutana, afanyie ndani.

Basi daktari, badala ya kuandika "asamehewe", aandike aina ya zoezi, dakika, siku, jina la kine (mtaalamu wa tiba ya viungo) au mwalimu wa michezo atakayempokea, na tarehe ya kurudi kupimwa. Kumwambia mgonjwa mlangoni "fanya sipoti kidogo" si agizo.

Mpokeaji huyo mchungeni sana. Mjini wamejaa wanaojiita makocha, ambao humshawishi kijana kuacha vidonge baada ya mwezi mmoja wa jasho, kisha humuuzia unga usio na maandishi, au deksametazoni, dawa ya kutuliza uvimbe, ili anenepe. Dawa hiyo hupandisha tansio na sukari, hudhoofisha misuli ile ile anayoitafuta, na ikikatwa ghafla baada ya kutumiwa muda mrefu huweza kuhatarisha maisha. Mazoezi hushusha tansio kwa kiasi, lakini kupunguza vidonge huamuliwa na daktari baada ya vipimo kadhaa, si na mwenye filimbi shingoni. Anayeuza chochote uwanjani asiingie katika orodha yenu.