Usimwage Zege Alfajiri ya Masika

Wiki iliyopita msomaji mmoja anayejenga Kigamboni aliniuliza kama ni busara kumwaga zege la jamvi, yaani sakafu ya chini ya nyumba, saa kumi na mbili asubuhi mwezi huu wa Aprili, ili amalize kabla ya jua kali. Swali lake lilinitonesha kidonda, kwa sababu nami nilifanya hivyo hivyo, tena kwa kujiamini kumshinda.

Nilikuwa nimehamia Dar es Salaam kutoka Dodoma, ambako mvua nyingi hunyesha alasiri baada ya ardhi kupata moto tangu asubuhi, nami nikadhani kwamba asubuhi ni salama popote. Usiku ule nyota zilijaa, nikampigia fundi simu aje na mashine ya kuchanganyia zege. "Mwanangu, mvua ya huku hulala baharini," akaniambia. Nikacheka. Kulipokucha tulikuwa tumefunika theluthi moja ya sakafu pale wingu jeusi lilipoingia kutoka baharini, na kabla hatujapata turubai uji wa saruji ulikuwa unachuruzika hadi uani kwa jirani. Vibarua walidai ujira wao wote, na ilikuwa haki yao. Jirani alichungulia dirishani, akafunga pazia bila hata kusema pole. Hilo linaniuma mpaka leo kuliko saruji.

Baadaye ndipo nilipoelewa maneno ya mzee yule. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko bahari, upepo wa bahari huvuma kuelekea bara, na mawingu mazito hujengeka huko bara, mbali na ufuo. Usiku mambo hugeuka: ardhi hupoa, bahari hubaki na joto lake, ambalo Aprili hukaribia nyuzi 29, na hewa ya nchi kavu huteremka kuelekea majini, ule upepo ambao mabaharia wa pwani waliuita umande. Huko nje hukutana na kusi, ile pepo ya msimu itokayo kusini, iliyojaa unyevu wa Bahari ya Hindi. Pepo hizo zinapogongana hewa hulazimika kupanda, mawingu yakajengeka juu ya maji tukiwa tumelala, kisha kusi ikayasukuma hadi ufukweni karibu na alfajiri. Kwa hiyo nyota za saa tatu usiku hazithibitishi lolote.

Zipo siku za masika ambazo mvua hushinda ikinyesha, na hizo hazina ujanja. Siku nyingine zote, wewe unayejenga kwa fedha ya kuungaunga kama mimi, acha kiburi: tazama upande wa bahari, wala usitazame juu ya paa lako, soma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, kisha tazama tena upande wa bahari.

Ndugu yangu wa Kigamboni, waambie vibarua waje saa nne, na turubai lifike kabla yao.