Chombo Kimoja cha Waviking Kiliwezaje Kuvuka Bahari na Kupanda Mito?

SWALI: Mtaalamu, nimesoma kwamba Waviking, wale mabaharia wa kale wa Skandinavia, walifika Amerika Kaskazini kwa vyombo vya mbao vilivyo wazi juu, na kwamba wenzao walipanda mto Seine hadi Paris na kushuka mto Dnieper hadi Bahari Nyeusi. Nijuavyo mimi, chombo cha bahari kuu huhitaji kuzama vya kutosha ili kisipinduke, na cha mtoni huhitaji kuelea juujuu ili kisipwelewe. Je, chombo kimoja kiliwezaje kazi zote mbili? Na ni kweli kwamba walikivuta nchi kavu?

JIBU: Ndugu msomaji, hoja yako kuhusu kuzama na kuelea ni ya haki, na ndiyo inayonilazimu nianze kwa kusema kwamba vyombo hivyo vilikuwa vya aina mbalimbali. Kilichokuwa kimoja ni ufundi wa kuviunda, na ufundi huo ndio uliowapa Waviking chombo chepesi kuliko vyote vya ukubwa wake katika Ulaya ya kaskazini ya wakati ule.

Fundi wa Skandinavia alianza na mkuku, yaani boriti ndefu ya chini ya chombo, akasimamisha nguzo za omo na tezi, kisha akapandisha mbao za ubavuni safu baada ya safu, kila ubao ukiulalia kidogo ukingo wa ule ulio chini yake. Mbao hizo ziliungwa kwa misumari ya chuma iliyopenya hadi ndani na kufyatwa juu ya kibati kidogo, na katikati ya maungo zilitiwa nyuzi za sufu au manyoya ya wanyama zilizolowekwa lami ya miti ili maji yasipite. Mataruma, yaani mbavu za ndani za chombo, yaliingizwa baadaye, ganda likiwa limekwisha kupata umbo. Msomaji wa pwani yetu ataukumbuka mtepe wa Lamu, ambao mbao zake zilikutana ukingo kwa ukingo na kushonwa kwa kamba za nazi: nao uliundwa ganda kwanza na mataruma baadaye, ulisafiri kwa tanga la mraba, na uimara wake ulitokana na kunyumbuka kwake.

Siri kubwa zaidi, kwa maoni yangu, imo katika namna mbao zenyewe zilivyopatikana. Mafundi hao hawakupasua magogo kwa msumeno. Walichagua mwaloni mnene ulionyooka, wakaupasua kwa kabari kutoka ukingoni kuelekea kiini, nusu, robo, kisha vipande vyembamba zaidi, na baada ya hapo wakachonga kila kipande kwa shoka kingali kibichi. Kabari hufuata nyuzi za mti zinakoelekea, ilhali msumeno huzikata ovyo. Kwa hiyo ubao uliopasuliwa hubaki na nyuzi nzima tangu mwanzo hadi mwisho, haupindi sana ukikauka, na unaweza kuchongwa mwembamba bila kupoteza nguvu. Katika chombo cha Gokstad, kilichofukuliwa nchini Norwei mwaka 1880 na ambacho kiliundwa mnamo mwaka 890, mbao nyingi zilizokuwa chini ya maji zina unene wa takriban sentimita 2.5 tu, ingawa chombo chenyewe kina urefu wa zaidi ya mita 23 na upana wa mita 5 hivi. Hizo mbao za chini hazikupigiliwa kwenye mataruma. Fundi aliacha vinundu juu ya uso wa ndani wa ubao alipokuwa akiuchonga, akavitoboa, na kuvifunga kwenye mataruma kwa mizizi myembamba ya miti, ili ganda liweze kucheza wimbi linapopita chini yake.

Jambo hilo lilijaribiwa baharini. Mwaka 1893 nahodha Magnus Andersen alivuka Atlantiki kutoka Bergen kwa chombo kilichoundwa kwa kufuata kile cha Gokstad, akafika Newfoundland baada ya siku 28 na kuendelea hadi kwenye maonyesho ya dunia ya Chicago. Alieleza kwamba ukingo wa juu wa chombo ulijipinda hadi sentimita 15 hivi kutoka mahali pake, na hata hivyo hakikuvuja. Kwangu mimi huo ni ushahidi wenye uzito kuliko sifa zote zilizoandikwa kuhusu ushujaa wa mabaharia wale.

Sasa nirudi kwenye aina za vyombo. Mwaka 1962, katika ghuba ya Roskilde nchini Denmark, wachimbaji walifukua vyombo vitano ambavyo vilizamishwa makusudi katika karne ya 11 ili kuziba njia ya kuingilia mjini. Kimoja ni chombo cha shehena cha bahari kuu, chenye urefu wa mita 16 na upana wa karibu mita 5, kilichoundwa magharibi mwa Norwei. Kilibeba tani 20 na zaidi kwa mabaharia wachache, makasia yake yalikuwa machache, na kilitegemea tanga. Kwa vyombo vya namna hii watu walihamisha ng'ombe, kondoo, mbegu na jamaa zao hadi Aisilandi kuanzia miaka ya 870 na hadi Greenland mnamo mwaka 985. Kutoka huko wakafika Newfoundland, ambako miti iliyokatwa kwa zana za chuma katika makazi yao imethibitishwa kuwa ya mwaka 1021. Kingine ni chombo cha vita cha mita 30 chenye upana usiofika mita 4, kilichoundwa karibu na Dublin mwaka 1042 kwa mwaloni wa Ayalandi, chenye makasia 60. Ukivitazama viwili hivyo kwa pamoja, utaona kwamba vinafanana katika kila ungo la ubao na vinatofautiana katika kila kipimo.

Kuhusu hofu yako ya kupinduka: kina si njia pekee ya kukituliza chombo. Chombo cha shehena kilitulizwa na upana wake pamoja na mzigo au farumi ya mawe iliyolazwa chini kabisa, na mkuku wake ulikizuia kusukumwa upande na upepo. Chombo cha vita kilikuwa chembamba, kwa hiyo kilihitaji tahadhari zaidi, lakini kilikuwa na wapiga makasia wengi wa kukaa upande wa joshi, yaani upepo unakotoka. Nakala ya kile cha Dublin ilisafiri kutoka Roskilde hadi Dublin mwaka 2007, ikipita kaskazini mwa Uskoti, ikarudi mwaka uliofuata. Kukosa sitaha iliyofungwa kulikuwa na gharama yake halisi: watu walilowa, walipigwa na baridi, na walifua maji ya ngama bila kupumzika.

Mtoni, chombo hicho cha vita cha mita 30 kilizama mita moja tu. Mlingoti ungeweza kulazwa, na makasia yalichukua kazi. Ndiyo maana mwaka 845 kundi la Waviking lilifika Paris, na mfalme Charles, mjukuu wa Karolo Mkuu, akawalipa ratili 7,000 za fedha ili waondoke. Jeshi la nchi kavu halikuwahi kujua watashukia ukingo gani. Dawa iliyopatikana baadaye ilikuwa ya kihandisi: mfalme huyo aliamuru madaraja yenye ngome yajengwe kuvuka mito, na Paris ilipozingirwa mwaka 885 hadi 886, madaraja ya mji ndiyo yaliyowazuia washambuliaji kuendelea juu ya mto. Hapo, ndugu msomaji, ndipo penye jibu la swali lako la mwisho, kwa kuwa walivuta vyombo vyao nchi kavu kando ya mji na kuvirudisha majini upande wa juu.

Katika mto Dnieper mambo yalikuwa tofauti, na picha za vyombo virefu vya vita vikiteremka kwenye maporomoko yake hazina msingi. Mfalme Konstantino wa Saba wa Bizanti, katika karne ya 10, aliandika kwamba Warus, yaani Waskandinavia waliofanya biashara katika mito ya mashariki, walitumia mitumbwi iliyochongwa kwa gogo moja na Waslavi misituni, ikaletwa Kiev na kuwekewa makasia. Kwenye maporomoko waliipitisha kwa kutembea majini pembezoni wakipapasa mawe kwa miguu. Penye poromoko baya zaidi waliitoa nje kabisa, wakaiburuta au kuibeba mabegani, huku watumwa waliokuwa wakipelekwa kuuzwa wakitembezwa katika minyororo kwa maili sita kando ya mto hadi mahali ambapo mitumbwi ingeweza kuelea tena.